Ni Nani Atakayemfundisha Mwandishi wa Habari?

Kijana wa Nyangezi amalizapo shule huwauliza wazazi wake: “Nikitaka kuwa mwandishi wa habari, nikasome wapi?” Swali hilo ni jema. Lakini liko jingine linalolitangulia: ni nani atakayemfundisha?

Tazameni kwanza vyuo vikuu vya jirani zetu. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kufundisha uandishi wa habari mwaka 1970. Mmoja wa walimu wake alikuwa Joe Kadhi, aliyepata kuwa mhariri wa gazeti la Daily Nation. Huko Makerere, Uganda, mafundisho hayo yalianza mwaka 1988. Peter Mwesige, aliyeongoza idara hiyo, alikuwa pia mhariri wa Daily Monitor. Walimu hao hawakuijua kazi kwa vitabu tu. Waliitenda kwa mikono yao.

Kwetu Bukavu, wengi walifundishwa na redio yenyewe. Chouchou Namegabe alijifunza kazi katika Radio Maendeleo, bila kupitia chuo cha uandishi wa habari. Mwaka 2003 yeye na wenzake walianzisha AFEM, chama cha wanawake wa vyombo vya habari wa Kivu ya Kusini. Humo wanawake walifundishwa kutayarisha vipindi, na wale waliotendewa jeuri vitani walipata mahali pa kusema yaliyowapata. Mwaka 2009 Namegabe alipewa tuzo ya Knight ya waandishi wa habari, akatoa pia ushuhuda mbele ya Seneti ya Marekani.

Twajua kwa nini wazazi huogopa. Serge Maheshe wa Radio Okapi aliuawa mjini Bukavu tarehe 13 Juni 2007. Mwenzake, Didace Namujimbo, aliuawa tarehe 21 Novemba 2008. Kwa hiyo mwalimu hana budi kufundisha mambo mawili pamoja: kusema kweli, na kumlinda mtu aliyeisema. Anayefundisha la kwanza bila la pili huwatia wanafunzi wake hatarini. Anayefundisha la pili tu huwafanya mabubu.

Basi, wazazi, kabla ya kulipa karo msiangalie ukubwa wa jengo tu. Ulizeni: mwalimu huyu amepata kuandika habari yeye mwenyewe? Huwafundisha wanafunzi kuhakikisha neno kabla ya kulitangaza? Huwafundisha kuficha jina la mnyonge aliyewaamini? Akijibu ndiyo, mwacheni mtoto aende.