Fedha za Shule: Je, Sawa ni Haki?

Wazazi wengi wa mitaa ya mashariki ya Nairobi huuliza hivi: ikiwa Serikali hutoa fedha sawa kwa kila mtoto, mbona shule za mitaa ya maskini hazilingani na zile za mitaa ya matajiri?

Jambo hili lina asili yake. Kabla ya uhuru wa mwaka 1963, shule ziligawanywa kwa rangi za watu, na watoto wa Kaloleni, Makongeni na Bahati walisoma katika zile zilizopewa fedha chache kuliko zote. Ubaguzi huo uliondolewa, lakini shule zilizokuwa za Wazungu ziliendelea kutoza karo kubwa. Basi mlango uliofungwa kwa rangi ukafungwa kwa fedha.

Mwaka 1974 Serikali iliondoa karo kuanzia darasa la kwanza hadi la nne. Lakini shule zikaanza kutoza fedha za majengo, na wazazi wengi wakashindwa tena. Mwezi wa Januari 2003 karo iliondolewa katika shule zote za msingi za Serikali. Kila mtoto aliwekewa shilingi 1,020 kwa mwaka: 650 za vitabu na vifaa vya kusomea, na 370 za matumizi mengine.

Kiasi hicho kilikuwa kimoja kwa Kilimani na kwa Jericho. Lakini mama mwenye watoto wawili, mmoja mzima na mmoja aliyetoka kuugua, hawapimii chakula kwa kijiko kimoja. Shule yenye wazazi wa uwezo huongezewa na wazazi hao. Shule ya maskini hutegemea fedha za Serikali tu. Tena, fedha hizo hufuata mtoto aliyeandikwa katika shule ya Serikali. Katika Mukuru na Korogocho shule hizo ni chache, hivyo watoto wengi husoma katika shule ndogo za watu binafsi, na mzazi maskini hulipa karo.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 yakataza karo katika shule za Serikali. Michango mingine ikiruhusiwa, mtoto asizuiwe kusoma kwa kukosa kuilipa. Tena wazazi wana wajumbe wao katika halmashauri ya shule. Yafaa basi wahudhurie mikutano na kuuliza hesabu. Kugawa sawasawa ni mwanzo mwema. Haki ni kumwongezea aliyepungukiwa.