Moto wa Sumu na Haki ya Jirani

Usiku wa tarehe 3 Februari, 2023, treni ya mizigo iliacha reli katika mji mdogo wa East Palestine, jimbo la Ohio nchini Marekani, karibu kabisa na mpaka wa jimbo la Pennsylvania. Mabehewa 38 yalianguka na moto ukawaka. Mji huo wenye watu wasiofika 5,000 unategemea askari wa zimamoto wa kujitolea, watu wenye kazi zao na familia zao, ambao huacha chakula mezani king'ora kinapolia.

Hawakuachwa peke yao. Takriban vikosi 50 kutoka Ohio, Pennsylvania na West Virginia vilikwenda kuwasaidia. Kwa desturi ya huko, miji jirani huwekeana mapatano mapema, kabla ya balaa: nani ataitwa, nani atatoa amri akishafika, na nani atalipia vifaa vitakavyoharibika.

Msomaji huenda akauliza kwa nini kila mji usiwe na kikosi chake cha kemikali. Tuitazame kazi yenyewe. Anayeikaribia sumu huvaa vazi lililozibwa kila upande, na mtungi wa hewa mgongoni ambao hauchukui muda mrefu kwisha. Haingii mmoja, huingia wawili, na wengine wawili husubiri nje wakiwa wameshavaa, tayari kuwaokoa. Wapo wa kupima hewa kwa mitambo, na wapo wa kuwaosha wanaotoka ili wasiibebe sumu hadi kwa watoto wao nyumbani. Kwa tukio dogo tu, mji wenye askari kumi umeshamaliza watu wake. Tena ni vifaa vya gharama kubwa, ambavyo huenda visiguswe mwaka mzima.

Sote tulifundishwa madrasa maana ya fardhi kifaya kwa mfano wa maiti. Baadhi wakimwosha, wakamkafini, wakamswalia na kumzika, dhima huwaondokea waliobaki. Asipopatikana wa kuifanya kazi hiyo, dhambi ni ya wote. Imam Ghazali aliuhesabu utabibu, na hata elimu ya hesabu, kuwa miongoni mwa fardhi hizo. Sioni sababu ya kuacha nje elimu ya kuzuia sumu isiue watu. Ila fardhi kifaya ina mtego wake: kila mmoja hudhani mwenzake ameshaitekeleza. Mji huu huamini mavazi yako mji wa pili, na mji wa pili huamini yako hapa.

Wala nia njema haitoshi. Mwezi Februari, 1904, mji wa Baltimore uliungua na zaidi ya majengo 1,500 yakateketea. Zimamoto ya Washington na ya Philadelphia zilifika upesi kwa treni, lakini vifungio vya mipira yao havikuingia katika mabomba ya maji ya Baltimore. Jirani amekuja, maji yapo, na moto unaendelea.

Huko East Palestine kilichokosekana ni habari. Vibao vya kutambulisha kemikali viliungua pamoja na mabehewa, na orodha ya mizigo ikachelewa kuwafikia waliokuwa wakipambana na moto. Baada ya siku tatu, mabehewa matano ya kemikali inayotumika kutengenezea plastiki yalitobolewa na kuchomwa makusudi, kwa hofu kuwa yangelipuka. Mwaka 2024 wachunguzi wa serikali walisema haikuwa lazima kufanya hivyo.

Sisi Tanzania Bara zimamoto yetu ni jeshi moja, hivyo mpaka wa mji si tatizo kubwa. Lakini malori ya mafuta, gesi na kemikali hupita katikati ya makazi yetu usiku na mchana, yakielekea Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi. Tarehe 10 Agosti, 2019, Idi ya kuchinja ikikaribia, lori la mafuta lilipinduka Msamvu, Morogoro. Watu walilikimbilia na madumu, moto ukalipuka, wakafariki zaidi ya 100. Mwenyezi Mungu awarehemu. Sisemi haya kuwalaumu marehemu. Nani alikuwa amewahi kuwaeleza kwamba mvuke wa petroli hutambaa chini, usioonekana, ukitafuta cheche?

Katika kikao cha kamati ya msikiti wetu, ulio kando ya barabara kuu, mzee mmoja aliuliza: lori likianguka hapa wakati wa swala ya Ijumaa, tutatokea mlango upi? Hakuna aliyekuwa na jibu. Milango yetu yote miwili mikubwa hutazama barabara.

Sasa mlango wa nyuma, uliokuwa umezibwa kwa mabusati ya zamani, umefunguliwa. Vijana wanne wamejifunza kusoma namba za hatari kwenye malori kutoka mbali: 1203 ni petroli, 1075 ni gesi ya kupikia, 1005 ni amonia, 1017 ni klorini. Kazi yao ni kuwarudisha watu nyuma, upande upepo unakotokea, kisha kupiga 114 na kuitaja namba hiyo, ili askari watoke kituoni wakijua wanakwenda kukuta nini. Bado hatujapata kipaza sauti cha betri, kwa kuwa umeme ndio hukatika kwanza.