Silent Hill: ukungu ulioficha udhaifu wa mashine

Kunako mwaka 1999, kampuni Konami ya Japani ilitoa mchezo wa video Silent Hill kwenye mashine ya PlayStation. Mchezaji anamwongoza Harry Mason, baba anayemtafuta binti yake Cheryl katika mji uliojaa ukungu. Mbele yake haoni zaidi ya hatua chache.

Ukungu huo ulikuwa na kazi nyingine. PlayStation haikuwa na nguvu ya kuchora mji mzima kwa mara moja. Nyumba na barabara za mbali zingechomoza ghafla machoni pa mchezaji. Watengenezaji wakazifunika. Kwingine wakatumia giza, na tochi ndogo kifuani mwa Harry. Hivyo upungufu wa mashine ukageuka hofu ya mchezaji.

Lakini kinachotisha zaidi ni sauti. Harry anabeba redio ndogo ambayo inaanza kukwaruza viumbe vibaya vinapokaribia. Unajua kuna kitu, hujui kinatokea upande gani. Muziki wa Akira Yamaoka nao unafanana na karakana: vyuma vinagongana, mashine zinanguruma, halafu kimya. Kimya hicho ndicho kibaya kuliko vyote. Anayecheza bila sauti amekosa nusu ya mchezo.

Mwaka 2024, Bloober Team ya Polandi ilitengeneza upya Silent Hill 2, uliotoka kwanza mwaka 2001. Mashine za leo zinaweza kuonyesha barabara hadi mbali sana. Hata hivyo ukungu umeachwa, na redio bado inakwaruza.