Kalamu Inayofuata Mwezi

Kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika nchini Burundi, kuanzia Magara na Minago hadi Rumonge na Nyanza-Lac, mwezi ndio unaopanga kazi. Wavuvi wa ndagala na mukeke huingia ziwani jioni na taa zao, wakarudi alfajiri. Mbalamwezi ikikolea, samaki hawazifuati taa. Mitumbwi hupandishwa mchangani, nyavu hushonwa, na watu hupata wasaa wa kuzungumza. Mwandishi wa kujitegemea wa Rumonge, anayeripotia redio za Bujumbura na kutunga hadithi, naye huishi kwa kalenda hiyo.

Siku za giza ni za habari. Alfajiri humkuta mwaloni, akina mama wakinunua ndagala za kuanika. Hapo husikia bei, nyavu zilizoibwa, petroli iliyoadimika, nyumba zilizoingiliwa na maji ziwa lilipofurika mwaka 2024. Lakini haanzi na swali. Husalimu kwa Kirundi au Kiswahili, akaulizia watoto na mgonjwa wa nyumbani, ndipo atoe kinasa sauti. Anayeruka salamu hupewa jibu fupi, na kesho yake hapewi hata hilo.

Siku za mbalamwezi ni za masimulizi. Wazee hukumbuka 1972, mauaji yalipozuka kusini mwa nchi na wengi wakakimbilia Tanzania. Waliorejea baada ya miaka mingi walikuta mashamba yao ya michikichi yana wenyewe wengine. Uchungu huo hauenei katika taarifa ya habari. Mwandishi huubebesha wahusika wa kubuni, akibadili majina, vijiji, hata idadi ya watoto, ili jirani asianikwe. Njia hiyo ina mizizi nchini: tangu 1997, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiendelea, Marie-Louise Sibazuri aliiandikia Studio Ijambo mchezo wa redio wa Kirundi, Umubanyi Niwe Muryango, kuhusu familia jirani za Kihutu na Kitutsi.

Kumlinda msemaji ni sehemu ya adabu ya kazi hii, maana neno lina gharama. Hassan Ruvakuki, aliyetangazia Bonesha FM na RFI Kiswahili, alikamatwa Novemba 2011 baada ya kuhoji kundi la waasi. Mwaka 2012 alihukumiwa kifungo cha maisha. Rufaa ikakipunguza kuwa miaka 3, akaachiwa Machi 2013.

Ila mila moja ya ziwa haijamfikia mwandishi wetu wa Rumonge. Wavuvi wakiuza samaki, hutoa kwanza gharama ya mafuta, kisha kinachobaki hugawanywa kati ya mwenye chombo na mabaharia. Yeye hulipwa kwa kila habari iliyorushwa. Nauli ya pikipiki na vocha ya simu ni zake, na habari isiyorushwa ni hasara yake peke yake. Vyombo vya habari vinavyomtegemea viige haki ya mwaloni: gharama ya safari itolewe kwanza, ndipo ihesabiwe faida.