Moshi wa Motokaa Kuukuu Wasema Nini?

Wahenga walinena, "Pafukapo moshi pana moto." Kwa mwenye motokaa neno hilo halitoshi, maana moto umo daima ndani ya mtambo wake. Yampasa aulize zaidi: kinachoungua humo ni kitu gani?

Mtambo mzima huunguza petroli au mazuti, na moshi wake hauonekani sana. Mtambo uliochakaa huunguza pamoja nayo oili, yaani mafuta mazito yanayolainisha vyuma vyake. Hapo ndipo shida ya nyumba nyingi huanza.

Mwisho wa kiangazi kimoja tulipanda gari kuukuu la petroli lililopakia mchele na karanga, likitoka Kabambare kwenda Kasongo. Ni safari ya zaidi ya kilomita 100, yenye vumbi jekundu na mashimo. Nyuma yetu moshi wa buluu ulitanda hata wenye baiskeli wakaziba pua. Mwenye gari, baba wa watoto saba, alikuwa na huzuni. Fundi mmoja alikuwa amemwambia, "Mzee, pete za pistoni zimekwisha. Lazima tupasue mtambo." Malipo ya kazi hiyo yangemaliza mbuzi wake wote, pamoja na mabati aliyoyaweka akiba kwa ajili ya nyumba. Akatuuliza, "Mwalimu, niuze?"

Hatukumjibu upesi. Tulimpa maswali matatu, nayo yafaa kwa kila mwenye gari kuukuu.

Moshi una rangi gani?

Moshi mweusi waonyesha kwamba petroli au mazuti ni mengi kuliko hewa. Litazame kwanza chujio la hewa. Aghalabu limejaa vumbi. Moshi mweupe wa asubuhi ya baridi, unaotoweka upesi, ni mvuke wa maji tu, usiuogope. Lakini ukidumu, na maji ya radiata yakipungua, huenda gasketi ya kichwa cha mtambo imeharibika. Hapo simamisha safari, wala usifungue kifuniko cha radiata ingali ya moto, usije ukaungua uso. Moshi wa buluu, wenye harufu ya kikaango kilichosahauliwa mekoni, ndio moshi wa oili.

Hutoka wakati gani?

Ukitoka asubuhi mtambo unapowashwa, kisha ukaisha, yaelekea raba ndogo za valvu zimekauka, na oili imedondoka ndani ya silinda usiku. Dalili ya pili ya ugonjwa huo huonekana mlimani. Dereva atelemkapo ameachia mguu, mtambo hunyonya kwa nguvu na kuvuta oili pembeni mwa valvu. Akikanyaga tena, wingu la buluu hutoka. Lakini moshi ukizidi hasa gari linapopanda na mzigo, shaka iangukie pete za pistoni au kuta za silinda. Kwa gari la mazuti lenye tarbo, fungua pia mpira wa hewa utokao kwenye tarbo. Ukikuta oili nyingi humo, mchunguze tarbo kabla ya kuugusa mtambo.

Oili yapotea kiasi gani, tena wapi?

Simamisha gari mahali tambarare, zima mtambo, ngoja oili ishuke. Futa kijiti cha kupimia, kirudishe, kisha usome. Usiku tandika karatasi chini ya gari. Ikilowa, basi oili nyingine yavuja nje. Andika katika daftari tarehe, kilomita na oili uliyoongeza. Baadhi ya watengenezaji huvumilia hata lita 1 kwa kilomita 1,000. Hesabu yako ikizidi hiyo, au ikipanda mwezi kwa mwezi, tafuta sababu.

Tulipopima gari lile tulishangaa: oili ilikuwa imepita alama ya juu. Dereva, kwa kuuogopa moshi, alikuwa akiongeza kila alfajiri bila kupima! Tena mpira ambao mtambo hupumulia ulikuwa umezibwa na tope la oili na vumbi. Mtambo usipopumua, upepo uliobanwa ndani husukuma oili kwenda kuungua. Tulipunguza oili, tukausafisha mpira kwa waya na petroli. Baada ya siku chache moshi ulipungua sana, ukabaki ule mdogo wa asubuhi. Mbuzi hawakuuzwa.

Wasomaji wasidhani kwamba kila moshi hupona hivyo. Pengine fundi yule wa pete husema kweli. Basi athibitishe! Atoe bujia zote. Ile iliyolowa oili nyeusi yaonyesha silinda iliyo mgonjwa. Apime mgandamizo wa kila silinda. Kwa mtambo wa petroli, atie kijiko cha oili katika silinda dhaifu, apime tena. Mgandamizo ukipanda, pete au kuta zimelika. Usipopanda, valvu au gasketi ndiyo yenye shaka. Kazi hii ni ya muda mfupi, bali kupasua mtambo hula siku nyingi na fedha nyingi.

Na ikithibitika kwamba pete zimekwisha, usiahirishe bila kikomo. Oili ikiisha njiani vyuma hukwama, na gari hufia porini, labda likiwa limembeba mama anayekimbizwa hospitali.

Adui mkubwa katika barabara zetu ni vumbi. Likipita penye chujio lililotoboka au mpira wa hewa uliopasuka, husugua silinda kama msasa. Wako madereva wanaoondoa chujio ili gari lipate nguvu. Hao hununua nguvu ya wiki moja kwa mtambo mzima.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kesho asubuhi basi, kabla ya kupakia mzigo, chukua kitambaa, kijiti na daftari. Kisha mwambie mmoja asimame nyuma ya gari, wewe uwashe, naye autazame moshi.