Hudi pekee haiwezi kukufanya upende chuo chako

Niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili. Karo iliisha kabla ya kozi, na hiyo ni stori ambayo wengi hapa Eldoret wanaijua bila kusimuliwa. Nilichobaki nacho ni hudi ya kijivu yenye nembo ya chuo kifuani. Juzi nilikuwa nimeivaa ndani ya matatu, jamaa niliyeketi naye akaiangalia, akaniuliza: "Komredi, uko mwaka wa ngapi?"

Nikamwambia ukweli, kwamba nilitoka kitambo.

"Si bado uko komredi tu," akasema, kisha akasonga ili nipate pa kuweka mkoba.

Maneno hayo yamenikaa kichwani wiki nzima. Kama cheti sina, ni nini kinachonifanya niwe wa chuo kile? Na wale walio huko sasa hivi, wanaosoma na kulipa, mbona wengi wanakizungumzia chuo chao kama landilodi mkorofi?

Tunaitana tukikasirika

Tuseme ukweli. Kila mwaka mafresha wanafika na magodoro na masanduku yao. Wiki ya kwanza wanapangwa ukumbini, wanasomewa sheria, wanaonyeshwa maktaba. Baada ya hapo ni kila mtu na maisha yake. Siku watakayojihisi kitu kimoja ni ile siku maji yamekatika hosteli au pesa za Helb zimechelewa. Hapo mtu anapanda juu ya kiti na kuita, "Makomredi!" na umati unajibu, "Pawa!"

Mimi sina ubaya na kelele hiyo. Imewatetea wengi. Shida ni kwamba kama hicho ndicho kitu pekee tunachojua kufanya pamoja, tutakuwa tunakijua chuo kwa mabaya yake tu.

Na mabaya yapo. Oktoba 2024, Chuo Kikuu cha Moi kilifungwa kwa muda usiojulikana wahadhiri wakiwa wamegoma. Wanafunzi walifunga virago wakaenda kwao, wengine safari ya kutwa nzima. Mtu aliyerudi nyumbani hivyo huwezi kumwambia ajivunie chuo kwa sababu kuna bango jipya langoni. Atakucheka, na atakuwa na haki.

Miti ya Iten

Sasa panda matatu ya Iten. Ukifika, ulizia shule ya wavulana ya St Patrick's. Mike Boit, aliyeshinda shaba ya mita 800 Munich mwaka wa 1972, alisoma hapo. Peter Rono, bingwa wa Olimpiki wa mita 1500 Seoul 1988, alisoma hapo. Ibrahim Hussein, Mwafrika wa kwanza kushinda Boston Marathon, mwaka huo huo wa 1988, naye ni wa hapo. Mwalimu anayetajwa sana, Brother Colm O'Connell, alikuja kutoka Ireland mwaka wa 1976 kufundisha jiografia. Hakuwa kocha. Ukocha aliujifunzia hapo hapo, akiwatazama vijana wakikimbia.

Lakini mimi sizungumzii medali. Nazungumzia miti. Wanafunzi wa zamani waliovuma duniani wamepanda miti ndani ya shule hiyo, na miti inabeba majina yao. Yaani mtoto aliye mgeni shuleni akienda darasani anapita chini ya kivuli cha mtu aliyelala kwenye mabweni ya shule ile ile na kula githeri kama yake. Hakuna hotuba ya mwalimu mkuu inayoweza kushinda hiyo. Na gharama yake ni mche, jembe na mtu wa kumwagilia maji.

Stori tunazo, hatuambiani

Kinachoniuma ni kwamba hapa Eldoret hatujakosa stori. Moi kilipoanza mwaka wa 1984 kama chuo kikuu cha pili cha umma nchini, wanafunzi wake wa kwanza walikuwa 83, waliohamishwa kutoka idara ya misitu ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Wasee wa miti! Waulize wanaoteremka matatu pale Kesses leo, uone ni wangapi wanaijua hiyo. Chuo Kikuu cha Eldoret nacho, kabla ya 2013, kilikuwa Chepkoilel, chini ya Moi. Jina lilibadilishwa langoni, lakini mtu aliyesoma huko zamani bado atakwambia yeye ni wa Chepkoilel.

Halafu kuna stori nzito. Aprili 2, 2015, magaidi walivamia Chuo Kikuu cha Garissa, wakati huo kikiwa chuo kishiriki cha Moi. Watu 148 waliuawa, wengi wao wanafunzi. Mamia ya walionusurika waliletwa kampasi kuu ya Moi kumalizia masomo. Fikiria kufika mahali pageni na daftari mpya, halafu yule uliyelala naye chumba kimoja hayupo. Fresha anayejiunga leo alikuwa mtoto mdogo siku hiyo. Asipoambiwa na aliyemtangulia, kwake itabaki habari ya gazeti la zamani. Hao walikuwa makomredi wake.

Anzeni wenyewe

Mila ya chuo haihitaji kamati wala bajeti. Inahitaji watu kumi wafanye kitu mwaka huu, na wengine kumi wakirudie mwaka ujao.

Hapa kwetu bingwa akitua uwanja wa ndege wa Eldoret anapokewa kwa kibuyu cha mursik. Mbona tungoje mtu ashinde kwanza? Mafresha wapokewe hivyo langoni. Yule wa kutoka Kitui au Mombasa atakayekunja uso kwa ladha ya mkaa amepata stori yake ya kwanza ya chuo, ya kusimulia miaka ishirini ijayo.

Kila darasa lipande mti wake likiingia, na lipange zamu ya kuumwagilia maji Januari jua likiwaka. Kila Aprili 2, msimame pamoja, hata kama ni chini ya mti huo, hata kama ni dakika tano, myasome majina ya wale wa Garissa.

Ila muwe macho. Si kila mila ni nzuri. Waliosoma bweni wanakumbuka kuitwa "mono" na kufulia wakubwa soksi. Hiyo nayo iliitwa mila ya shule. Kipimo changu ni rahisi: angalia aliye mgeni kuliko wote. Akitoka hapo amebebwa, endeleeni. Akitoka amebebeshwa, acheni.

Na kuna moja ya mwisho, hii ninaiomba kwa niaba yangu. Nilipotoka chuo, wiki hiyo hiyo nilitolewa kwenye grupu ya WhatsApp ya darasa. Sidhani kuna aliyekuwa na nia mbaya. Grupu ilikuwa ya kutumiana noti, nami sikuhitaji noti tena. Lakini usiku ule nilijua kuwa nimetoka kweli. Kwa hivyo mtu akiondoka kwa sababu ya karo, mimba au ugonjwa, msimtoe. Jina lake liandikwe pale kwenye kibao cha mti pamoja na wengine wote mlioingia nao. Siku akipata pesa za kurudi, atajua pa kuanzia.

Yule jamaa wa matatu alishuka bila hata kuniuliza jina. Sijui anasoma wapi. Mkiamua kupanda huo mti, nishtueni. Nitakuja na jembe, na hudi nitaivaa.