Bendera Baharini, Bunduki Maniema

Alunguli iko ukingo wa kulia wa Lualaba, ng'ambo ya Kasuku na Mikelenge, komine nyingine mbili za Kindu, mkoani Maniema. Manowari haiwezi kufika hapa; maporomoko ya Boyoma, kati ya Ubundu na Kisangani, yameufunga mto. Lakini mojawapo ya operesheni za mwanzo kabisa za mataifa kadhaa kuzuia silaha baharini iligusa njia ya Maniema.

Kuanzia Desemba 1888 hadi Oktoba 1889, meli za Uingereza, Ujerumani na Italia ziliifunga pwani ya Afrika Mashariki: watumwa wasitoke, bunduki na baruti zisiingie. Wareno walilinda upande wa Msumbiji. Bunduki za mfanyabiashara Tippu Tip na wenzake wa Nyangwe na Kasongo zilitoka pwani hiyo, zikapitia Tabora na Ujiji, kisha zikavuka Ziwa Tanganyika. Tusidanganyike na maneno ya huruma: Ujerumani ilikuwa inapigana na Abushiri, kiongozi wa uasi wa pwani, ikataka anyimwe risasi.

Mwaka 1890 Mkataba wa Brussels uliigeuza marufuku hiyo kuwa sheria ya mataifa. Ufaransa ikakataa kuidhinisha vifungu vya kupekua vyombo, isije bendera yake ikaguswa na mgeni. Kikwazo hicho hakijaondoka. Katika bahari kuu, chombo kiko chini ya nchi ambayo bendera yake kinapeperusha. Azimio 2292 la Baraza la Usalama, la 2016, liliruhusu ukaguzi wa meli nje ya Libya, ila nchi ya bendera ilipaswa kuombwa ridhaa kwanza. Novemba 2020, askari wa manowari ya Ujerumani Hamburg, waliokuwa katika operesheni ya Ulaya iitwayo Irini, walipanda meli ya Uturuki Roseline A. Uturuki ikapinga, wakashuka kabla ya kumaliza upekuzi.

Mkataba wa Brussels ulikuwa na tundu jingine, na hilo ndilo linalotuumiza sisi: silaha za serikali ziliruhusiwa kupita. Dola la Mfalme Leopold huko Kongo likajipatia silaha lilivyotaka, likaiteka Nyangwe na Kasongo mwaka 1893.

Marufuku ya silaha ya Baraza la Usalama kwa Kongo ya leo ilianza 2003 kwa Azimio 1493, ikilenga Kivu na Ituri, ikaenezwa nchi nzima 2005. MONUC, ujumbe wa Umoja wa Mataifa wa kulinda amani, ilipewa ruhusa ya kukagua ndege, magari na bandari huko Kivu na Ituri bila kutoa taarifa. Tangu 2008 marufuku hiyo inawahusu tu wasio wa serikali. Haki ya dola kujilinda siipingi. Ila wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika mara nyingi kwamba makundi yenye silaha hupata risasi nyingi kutoka maghala ya jeshi lenyewe, kwa kuuziwa au kwa kupora. Silaha hizo ziliingia kihalali. Hakuna nahodha ambaye angezikamata.

Itifaki ya Nairobi ya 2004 kuhusu silaha ndogo, ambayo Kongo ilitia saini, inataka kila silaha ya dola iwekwe alama na iandikwe. Kwa mtu wa Alunguli, daftari la ghala linalokaguliwa kweli lina uzito kuliko manowari yoyote ya Mediterania, na hilo wabunge wa Maniema wanaweza kulidai Kinshasa bila kungoja azimio la New York.